Mistari Arobaini na Moja Mitupu

Kama mchwa wangejua shida waliyomletea Dkt. Sefroza Kipeta asubuhi ile, pengine wangecheka, ikiwa mchwa hucheka. Hilo bado halijachunguzwa. Yeye mwenyewe hakuwa na hamu ya kucheka. Alikuwa mbele ya kompyuta tangu saa moja, chai yake imepoa, chapati imeumwa mara moja tu, na Karani amemkwamisha kwenye swali la kumi na nne.

Karani hakuwa mtu. Ulikuwa mtambo wa kupokea miswada, uliotumiwa na majarida yote makubwa ya sayansi, na kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba hakuna makala inayomfikia mhariri ikiwa na kasoro. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekaa ofisi ya masjala miaka thelathini: ya upole, isiyo na haraka, na isiyoona haya kukurudisha nyuma ya foleni.

"Swali la kumi na nne," Karani alirudia. "Je, viumbe uliowachunguza wanaweza kukataa? Umejibu: Hawawezi."

"Ndiyo."

"Asante. Kwenye ikisiri yako, sentensi ya tatu, umeandika kwamba kundi la mchwa hufanya uamuzi wa pamoja wa kukataa. Ningependa kujua nihifadhi jibu lipi."

Sefroza aliishusha kalamu mezani. Swali lile aliwahi kulijibu mara sita maishani, kwa makala sita, na kila mara alibonyeza "Hawawezi" bila hata kusoma. Kila mtu aliyechunguza wadudu alifanya hivyo. Kanuni ya Ridhaa ilikuwa imeletwa kwa ajili ya tembo, baada ya kugundulika kwamba tembo wana mlio maalumu wa kumwambia mtafiti aondoke, na kwamba mtafiti mmoja alikuwa ameurekodi mlio huo mara mia mbili bila kuondoka. Baadaye wakaingizwa nyangumi, kisha kasuku, kisha pweza. Kiumbe anayeweza kukataa lazima aombwe. Mdudu hakuwahi kuingia kwenye orodha hiyo, na hakuna aliyedhani ataingia.

Sasa makala yake ya saba ilisema, kwa kurasa ishirini na tatu na vielelezo vitano, kwamba mchwa wa Kituo cha Chisamila wanaweza kukataa. Hilo ndilo lilikuwa jambo jipya ndani yake. Ukiliondoa, zilibaki kurasa za udongo.

"Nipe dakika chache," alisema.

"Bila shaka. Dirisha la kupokea miswada linafungwa leo saa kumi na mbili jioni. Dirisha linalofuata litafunguliwa baada ya miezi mitano."

Alijua. Baada ya miezi mitano hapangekuwa na kituo. Barua ya wafadhili ilikuwa imebandikwa ukutani juu ya jagi la maji, na ilisema kwa lugha ya kistaarabu kwamba kituo kisichotoa makala kwa miaka miwili kitafungwa mwishoni mwa mwezi wa tatu. Leo ilikuwa tarehe tisa ya mwezi wa kumi na mbili.

*

Alimpigia Profesa Kokuhirwa, mwandishi mwenza wake, aliyekuwa Dodoma mjini akijiandaa kwenda kikaoni. Uso wa Profesa ulitokea kwenye kioo ukiwa umegeuzwa upande, anavaa hereni.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba, mwanangu. Imeshakwenda?"

"Bado. Nimekwama kwenye swali la kumi na nne."

Profesa alisikiliza, hereni moja sikioni, nyingine mkononi. Alipomaliza kusikiliza alicheka kicheko kifupi. "Sefroza, wewe una akili nyingi mpaka zinakusumbua. Badilisha neno. Usiseme kukataa. Sema 'mwitikio hasi wa pamoja'. Karani atatulia, wahakiki watatulia, na wenye kuelewa wataelewa."

"Lakini wanakataa kweli, Profesa."

"Najua wanakataa. Nimeona kielelezo cha nne, nilikosa usingizi siku mbili. Tukishachapisha, tutaandika makala nyingine ya kusema kwamba walikuwa wanakataa. Hiyo tutaiombea ridhaa. Hatua kwa hatua."

"Na hii tutakuwa tumeipata vipi?"

Profesa aliivaa hereni ya pili na kumtazama, safari hii uso kwa uso. "Tutakuwa tumeipata. Kituo kitakuwa wazi. Baba Nyemo atakuwa na mshahara. Wewe utakuwa na kazi. Sikukatazi kufikiri, nakwambia saa inakwenda." Kisha akaomba radhi, maana mtu alikuwa akimwita kutoka mlangoni, na kioo kikawa cheusi.

Sefroza alilijaribu neno. Aliandika "mwitikio hasi wa pamoja" na kulisoma kwa sauti. Lilikuwa neno zuri, safi, halikuwa na mtu ndani yake. Mlango ukifungwa usoni mwako, nao ni mwitikio hasi. Alilifuta.

Akakifungua kielelezo cha nne ili kujipa moyo. Alikuwa amekitazama mara mia na bado kilimsisimua. Kichuguu kizima kilionekana kimekatwa katikati kama papai, na rangi zikionyesha mtikisiko. Askari wa mchwa hugonga vichwa vyao ukutani wanapotishwa, hilo hata watoto wa Chisamila walilijua. Ukiweka sikio kwenye kichuguu na kukipiga teke utasikia kama mchanga unaomwagwa. Ila hapa ugongaji haukuanzia kwa askari walioguswa. Ulianzia katikati, kwa malkia, dakika tatu baada ya askari wa langoni kupeleka habari, na kutoka hapo ukasambaa kwa pigo moja, wote kwa pamoja, mpaka nje. Kwanza habari ilikwenda ndani, kisha kukawa na kimya cha dakika tatu, kisha jibu likatoka. Sefroza angetoa kidole ili ajue ni nini kilifanyika ndani ya zile dakika tatu.

"Daktari," Karani alisema, "wakati unafikiri, naomba tupitie jambo jingine dogo. Jedwali la pili lina mizunguko mia tatu na kumi na mbili ya kurekodi. Mistari arobaini na moja ni mitupu. Umeeleza kuwa ni hitilafu za kifaa. Kumbukumbu za kifaa chenyewe zinaonyesha kuwa siku hizo kilikuwa kizima."

*

Kifaa kiliitwa kisikizi. Kilikuwa sanduku la ukubwa wa debe lenye nyuzi arobaini nyembamba kuliko unywele, ambazo zilijipenyeza zenyewe katika vijia vya kichuguu na kusikiliza kila mtikisiko. Kabla ya kupenya, uzi wa kwanza uligonga mara moja kwenye lango, tope ambalo mchwa hulizibia tundu lao, ili kupima ugumu wake. Mara nyingi mchwa walilitoboa tope wenyewe kwa udadisi wao, na uzi ukapita. Wasipolitoboa, kifaa kilikuwa na kitufe chekundu: ncha ya uzi huanza kuchimba.

Kazi ya kila siku ya kisikizi ilikuwa ya Chilongani, fundi wa kituo, ambaye wote walimwita Baba Nyemo. Sefroza alimkuta nyuma ya jengo akisugua betri kwa brashi ya meno.

"Baba Nyemo, nina swali kuhusu data."

"Uliza, Daktari. Ila kama ni ile ya mwezi wa tano, panya ndiye aliyekata waya, nilishaeleza."

"Siyo hiyo. Kuna siku arobaini na moja hukurekodi chochote. Kifaa kilikuwa kizima."

"Ndiyo, kilikuwa kizima."

"Sasa?"

Alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini hakulala kitandani kwa jirani. "Hawakuitikia."

"Nani hawakuitikia?"

"Wenye nyumba." Aliweka betri chini, akajifuta mikono kwenye suruali. "Napiga hodi mara tatu. Ya kwanza nasubiri dakika tano, ya pili dakika tano, ya tatu dakika tano. Wakifungua, naingiza nyuzi. Wasipofungua, narudi zangu. Wewe ukienda kwa mtu ukapiga hodi mara tatu asiitike, unavunja mlango?"

"Lakini kifaa kinagonga mara moja tu."

"Kilikuwa kinagonga mara moja. Nilikirekebisha katikati ya mwaka jana. Hodi moja, mtu anaweza asisikie. Au yuko bafuni."

Sefroza alitaka kukasirika, na hasira ilikuwa karibu kabisa, maana mwaka mzima na nusu mtu huyu alikuwa amebadilisha utaratibu wa majaribio bila kumwambia. Kisha akakumbuka ni nani aliyeandika "hitilafu za kifaa" kwenye jedwali bila kumuuliza mtu yeyote. Alikuwa ameziona zile nafasi tupu na akazitafutia sababu mwenyewe, akiwa amekaa, kwa dakika mbili.

"Uliandika popote?"

"Sasa nisiandike?"

Alilitoa daftari kwenye kabati la zana, la shule, lenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada. Kila siku ilikuwa na mstari wake. *Hodi. Wameitikia hodi ya pili. Hodi. Wameitikia hodi ya kwanza, leo wana furaha. Hodi. Kimya. Nimerudi.* Sefroza alisoma akiwa amesimama juani, na kadiri alivyosoma ndivyo alivyozidi kufunua haraka. Kurasa na kurasa. Mia mbili na zaidi za "Wameitikia". Huyu mtu, bila kujua kwamba kuna Kanuni ya Ridhaa duniani, alikuwa ameomba ridhaa ya mchwa kila siku na kuiandika kwa wino wa bluu.

"Baba Nyemo, umeniokoa," alisema. "Wallahi umeniokoa."

"Kutoka kwa nini?"

Alimweleza. Chilongani alisikiliza mpaka mwisho akikuna shingo. Kisha akalichukua daftari, akafunua mpaka ukurasa wa mwezi wa saba, na kuweka kidole kwenye mstari mmoja.

*Tarehe 11 hadi 16. Sipo. Matanga ya mkwe. Daktari anashika kazi.*

Chini yake: *Tarehe 17. Hodi. Kimya. Nimerudi.* Na tarehe 18, na 19, na kuendelea, siku kumi na moja mfululizo. Pembeni mwa siku ya nne alikuwa ameongeza: *Nyumba ina kinyongo.*

Sefroza hakuhitaji kuangalia kwingine. Zile siku sita alizikumbuka vizuri, kwa kuwa zilikuwa siku bora za utafiti wake wote. Lango lilikuwa limezibwa, alikuwa na haraka, akabonyeza kitufe chekundu. Uzi ukachimba. Na kisikizi kikarekodi kitu ambacho hakijawahi kurekodiwa na mtu yeyote, kichuguu kizima kikipiga kwa pigo moja kutoka kwa malkia mpaka nje. Alirudia kesho yake ili ahakikishe. Alirudia mara sita.

Kielelezo cha nne, kile cha kumkosesha Profesa usingizi, kilikuwa picha ya nyumba ikimwambia atoke.

*

Alirudi kwenye kioo saa saba na nusu na hakula. Chilongani alimfuata na kukaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, kwa sababu kiti kingine kilikuwa na kifusi cha makaratasi.

Aliona njia tatu mbele yake. Angeweza kufuata neno la Profesa na kuituma makala kama ilivyo. Angeweza kujibu "Wanaweza", aambatishe daftari, na kuziacha zile siku sita zijichanganye humo ndani. Karani hakuwa na macho ya kusoma mwandiko wa Chilongani kwa makini kiasi hicho. Au angeweza kukitoa kielelezo cha nne.

"Nikikitoa," alisema, "makala inabaki bila meno."

"Inabaki na nini?"

"Inabaki na..." Alilitazama jedwali la pili. Mia mbili na sitini na tano za kufungua, ukiondoa zile sita. Arobaini na moja tupu. Alikuwa amezitazama zile arobaini na moja kama kovu usoni mwa jedwali lake. Sasa alizitazama tena.

Kama mchwa walifungua lango kwa udadisi tu, wangelifungua siku zote, au wangelifungua ovyo ovyo, leo ndiyo kesho siyo. Aliandika tarehe za mistari mitupu kwenye karatasi na kuzipanga. Hazikuwa za ovyo. Zilikuja kwa mafungu: kumi na moja hapa, sita pale, nne, saba. Nyumba ilikuwa ikifungwa kwa siku kadhaa, kisha ikafunguliwa.

"Hii ya mwezi wa pili, siku sita," alisema. "Kulikuwa na nini?"

"Muhanga, yule mnyama mla mchwa, alichimba upande wa magharibi. Walikuwa wanajenga."

"Na hii ya mwezi wa tisa?"

"Sijui. Sikuuliza. Mtu akifunga mlango wake huulizi."

Alicheka, kwa mara ya kwanza siku ile, na akaanza kuandika. Alikitoa kielelezo cha nne. Ilimuuma kama kung'oa jino zima, nasema kweli, alikaa na kidole juu ya kitufe dakika nzima kabla ya kukibonyeza. Mahali pake aliweka mistari arobaini na moja mitupu, imepangwa kwa tarehe, nyeupe juu ya kijivu. Akaandika upya sehemu ya mbinu: hodi tatu, dakika tano tano. Akaandika kwamba utaratibu huo ulibuniwa na Y. Chilongani, akalipandisha jina lake kutoka kwenye shukrani mpaka kwenye orodha ya waandishi.

"Mimi mwandishi?" Chilongani alisema. "Nimeandika nini?"

"Daftari."

Mwishoni aliongeza sentensi ambayo aliifuta mara tatu na kuirudisha mara nne: *Kwa siku sita mwandishi wa kwanza aliingia bila kuitikiwa. Data ya siku hizo haikutumika.*

Alimtumia Profesa muswada mpya. Jibu lilikuja kutoka kikaoni, fupi: *Umekitoa cha nne? Una wazimu.* Na baada ya dakika kumi: *Nimesoma mpaka mwisho. Tuma.*

Saa kumi kasoro robo akarudi kwenye swali la kumi na nne na kubonyeza "Wanaweza".

Karani alilihifadhi jibu. "Asante, Daktari. Hili ni jibu la kwanza la aina yake kwa kiumbe wa kundi hili. Nimeona ushahidi wa ridhaa, na tamko lako kuhusu siku sita nitalipeleka kwa jopo la maadili. Limebaki jambo moja. Kanuni inataka ridhaa iwe imepatikana pia siku ile ile ya kuwasilisha, kwa kuwa aliyekubali jana anaweza kukataa leo. Tafadhali ambatisha ya leo."

Sefroza alimgeukia Chilongani.

"Leo sijaenda," alisema yeye. "Ulinikalisha hapa."

*

Kichuguu kilikuwa mwendo wa robo saa, kirefu kumpita mtu, chekundu, kimejiegemeza kwenye mti wa mgunga kama mtu aliyeshiba kupita kiasi. Mawingu yalikuwa yamejikusanya upande wa Manyoni na hewa ilikuwa nzito. Mvua ya kwanza ilikuwa imechelewa wiki mbili.

Chilongani aliweka sanduku chini, akauelekeza uzi wa kwanza langoni, kisha akamwachia nafasi Sefroza. "Leo piga wewe. Wewe ndiye mwenye shida."

Hakuwahi kupiga hodi hapo. Alibonyeza. Uzi ukagonga, sauti ndogo mno, kwenye kipaza sauti cha sanduku ikasikika kama ukucha kwenye meza. Walisubiri dakika tano. Ndani ya kichuguu kulikuwa na mwendo mwingi, mwingi kuliko alivyowahi kuusikia, maelfu ya miguu ikipanda na kushuka.

"Wapo," alinong'ona.

"Wapo. Kuwapo siyo kuitika."

Hodi ya pili. Miguu ilisimama kidogo, kisha ikaendelea. Lango halikutikisika. Sefroza aliwaza yale yanayotokea ndani: habari imepokewa, inapelekwa kwa malkia, inajadiliwa kwa namna ambayo hakuna mtu anayeijua. Watu wangapi duniani wamewahi kusimama mlangoni na kutaka hivi kujua kinachosemwa ndani?

Kabla ya hodi ya tatu alimtazama mwenzake. "Wasipoitika, Baba Nyemo, kituo kimekwisha. Unalijua hilo."

"Nalijua." Chilongani alichutama, akaokota kijiti na kukivunja. "Nina watoto wawili sekondari, Daktari. Sitakudanganya kwamba sijali. Najali sana. Kile kitufe chekundu hapo, ukikibonyeza mimi sitakushika mkono. Lakini usiniombe nikutafutie sababu."

Alibonyeza hodi ya tatu. Dakika ya kwanza ikapita, na ya pili. Dakika ya tatu, kutoka ndani kabisa, kwa malkia, pigo moja likatoka. Siyo kali kama lile la mwezi wa saba. Lilikuwa la upole, mara moja tu, wote kwa pamoja. Kisha miguu ikarudi kwenye shughuli zake.

Sefroza aliutoa uzi langoni na kuuviringisha kwenye sanduku kwa uangalifu. Chilongani alimpa daftari na kalamu bila kuombwa. Alitaka kuandika sentensi ndefu, yenye tarehe na saa na sababu. Aliishia kuandika kama wanavyoandika pale.

Walikuwa wamefika nusu ya njia mvua ilipowakuta. Ilikuja kwa matone makubwa, ikapiga robo saa, ikakatika ghafla, na jua likatokea chini ya mawingu. Chilongani aligeuka nyuma.

"Ah," alisema. "Basi ndiyo maana."

Kutoka kwenye kichuguu kumbikumbi walikuwa wakitoka. Walitoka kwa matundu ambayo hayakuwapo nusu saa iliyopita, mabawa yakimetameta, mamia kwa mamia, wakipanda juu ya mgunga na kutawanyika pande zote. Nyumba ilikuwa ikiwaaga watoto wake. Siku nzima ilikuwa kwenye maandalizi, na wao wawili wakasimama mlangoni na sanduku lao kama watu wa sensa waliokuja siku ya harusi.

Sefroza alisimama na matope yamemfika kwenye vifundo. Mkononi alikuwa na karatasi yake ya tarehe, imelowa. "Mwezi wa tisa," alisema taratibu. "Zile siku saba usizozijua. Nini hufanyika humo ndani mwezi wa tisa?"

"Sijui, Daktari."

"Hata mimi." Na alishangaa kuona kwamba, pamoja na uchungu wote aliokuwa nao kifuani, alikuwa akitabasamu.

Chilongani naye alikuwa ameshavua kofia na kukinga kumbikumbi.

"Hao umewaomba ridhaa?" Sefroza aliuliza.

"Hawa wameshatoka nje, Daktari. Wa nje ni wa nje."

*

Saa kumi na mbili kasoro dakika sita alikuwa mbele ya kioo, nywele zikichuruzika. Kila kitu kilikuwa mahali pake: ikisiri, matini, vielelezo vitano, marejeo, barua kwa mhariri. Chini kabisa kulikuwa na kisanduku kidogo kisicho na alama. *Ridhaa ya leo imepatikana.* Alama moja tu, na kitufe cha kutuma kingegeuka kijani. Karani asingeenda kuwauliza mchwa.

Jikoni kulisikika mafuta yakilia kwenye kikaango.

"Dakika tano," alisema Karani. "Je, unawasilisha?"

"Hapana."

"Nasikitika kusikia hivyo. Ili nihifadhi faili lako, naomba sababu. Ugonjwa, msiba, umeme, au mengineyo."

Alichagua mengineyo.

"Tafadhali eleza."

Sefroza alilivuta daftari karibu, akalifungua kwenye mstari wa kimya wa arobaini na mbili, ulioandikwa kwa mkono wake, na akanakili neno kwa neno.

*Hodi. Kimya, kisha wamekataa. Nimerudi.*

"Asante," Karani alisema. "Je, maelezo haya yamekamilika?"

Aliyasoma tena tangu mwanzo.

"Yamekamilika," alisema.